NOAH INAKULA LITA NGAPI MOMBO–LUSHOTO? HISTORIA YA NAMBA YA JAPAN INAYOWAPONZA MADEREVA WA MILIMANI

Kuna ugomvi wa siku nyingi kwenye barabara ya Mombo–Lushoto, na hauhusu mapenzi wala mipaka ya shamba. Ni ugomvi wa wese. Bosi kampa kijana gari apige ruti. Jioni hesabu inakuja pungufu, kijana anasema mafuta yamekula hela. Bosi kashaona mtandaoni kwamba gari kama lake linatembea kilometa 14 kwa lita moja. Anagawanya, anaona kuna lita hazina maelezo. Kuanzia hapo kijana ana jina jipya: mwizi wa mafuta. Wengi wamenyang'anywa funguo kwa hesabu ya namna hiyo.

Sasa, wapo madereva wanaopiga kidumu kweli, tusidanganyane. Lakini kabla ya kumhukumu mtu, inabidi ujue ile namba 14 ilizaliwa wapi na ilipimwaje. Ukiijua historia yake, utaona haikuwahi kuuona mlima.

MLIMA ULIKUWEPO KABLA YA INJINI

Mlima wa Usambara umewasumbua wasafirishaji tangu zamani. Wajerumani walijenga reli kutoka Tanga kuanzia 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Lakini reli haikuupanda mlima, ilipita chini yake ikaendelea kuelekea Moshi. Mji wa Lushoto, ambao wao waliuita Wilhelmsthal, ukabaki huko juu, na mzigo wa kwenda huko ukashushwa Mombo na kutafutiwa njia nyingine ya kupanda.

Kwenye kushusha walikuwa wajanja zaidi. Mbao za mierezi kutoka msitu wa Shume ziliteremshwa kwa nyaya za angani hadi Mkumbara kwenye reli. Mzigo ukitoka juu, uzito wake wenyewe unasaidia kazi. Kupandisha ndiko kunakotaka nguvu, na nguvu lazima mtu ailipie. Somo hilo lina zaidi ya miaka mia moja, ila kwenye hesabu za jioni bado watu wanalisahau.

MITUMBA YA JAPAN NA KARATASI ZAKE

Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda dunia nzima, na Tanzania iliumia. Wazee wanakumbuka enzi ya Mwalimu ambapo magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili nchi ibane mafuta. Wakati huo milimani walitamba Land Rover na malori, na hakuna aliyeuliza gari lina kilometa ngapi kwa lita. Swali lilikuwa moja tu: mafuta yapo au hayapo?

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japan yakaanza kumiminika. Baadaye zikaja Noah, Probox na Hiace, na kila moja ikaja na namba yake ya matumizi ya mafuta. Watu wakaichukua ile namba kama vile imeandikwa kwenye msahafu.

Namba za magari mengi ya miaka ile zilitokana na kipimo cha Japan kinachoitwa 10-15, kilichoanza kutumika 1991. Gari halikwenda barabarani. Liliwekwa juu ya rola ndani ya jengo, matairi yanazunguka, gari limesimama palepale. Safari nzima ilikuwa kilometa 4 na ushee kwa dakika 11. Mwendo wa wastani kilometa 22.7 kwa saa, mwendo wa juu kabisa 70. Injini imeshapashwa moto, kiyoyozi kimezimwa. Uzito uliohesabiwa ndani ya gari ni kilo 110, yaani kama watu wawili.

Watu wawili! Weka hiyo pembeni ya Noah inayoondoka Mombo siku ya gulio. Abiria wamebanana hadi mlango unafungwa kwa kusukumwa, gunia la mchele nyuma, mtungi wa gesi, na mtoto kapakatwa. Na kwenye rola hakuna kona za Soni.

Wajapani wenyewe waliona kipimo hicho kinapendelea magari. Kuanzia 2011 wakaleta kipimo kingine, JC08, chenye safari ndefu zaidi na kinachohesabu pia injini inayowashwa ikiwa ya baridi. Magari mengi yakapimwa upya na namba ikashuka, wakati gari ni lilelile. Na JC08 nayo haikuwa na mlima.

SI LUSHOTO PEKE YAKE

Usidhani ni Mwafrika tu anayeliwa na hizi namba. Marekani waliona tangu zamani kwamba madereva hawapati kinachoandikwa, na kuanzia magari ya 1985 serikali yao ikapunguza namba za maabara kabla ya kuzibandika kwenye gari: asilimia 10 kwa mjini, asilimia 22 kwa barabara kuu. Ulaya, watafiti wa ICCT walilinganisha namba za kiwandani na matumizi ya wenye magari. Mwaka 2001 tofauti ilikuwa karibu asilimia 9. Kufikia 2015 ilikuwa asilimia 42.

Halafu kuna wizi wenyewe. Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi ya Japan ilikiri kwamba takwimu za mafuta za magari yake madogo zaidi ya laki sita zilichezewa. Ikakiri pia kwamba tangu 1991 ilikuwa inatumia njia ya upimaji isiyofuata sheria. Kwa hiyo wakati dereva wa milimani anaitwa mwizi kwa sababu ya lita mbili, kuna waliovaa suti walikuwa wanacheza na namba kwa miaka 25.

Ila tuwe wa haki. Hata kampuni iliyopima kwa uaminifu kabisa, namba yake haiwezi kukufaa Lushoto, kwa sababu kipimo hakikuwekewa mlima.

HESABU YA MLIMA

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilometa 33, na unapanda takriban mita 1,000 kwenda juu. Kuinua tani moja kwa mita 1,000 kunahitaji nishati ya karibu megajuli 10. Lita moja ya petroli ina nishati zaidi ya mara tatu ya hiyo, ila injini inatumia kama robo tu kusukuma gari. Nyingine inapotea kama joto, ndiyo ile unayoiona boneti linafuka pale Soni. Matokeo yake ni kwamba kila tani unayoipandisha inakula kama lita 1.2 ya ziada, nje ya mafuta ya kawaida ya kutembea.

Noah na abiria wake na mizigo ni kama tani mbili. Tuseme kwenye tambarare, na mzigo wake, inakwenda kilometa 10 kwa lita. Kilometa 33 ni lita 3.3. Ongeza 2.4 za mlima, unapata 5.7. Karatasi ya Japan ingesema 2.4 kwa safari nzima. Yaani kupanda tu, gari limekula zaidi ya mara mbili ya karatasi, na hakuna aliyeiba hata tone.

Kushuka mlima unarudisha kidogo. Ukishuka kwa lita 1 hivi, kwenda na kurudi ni lita 6.7, wakati karatasi inasema 4.7. Tofauti ni lita 2 kila mzunguko. Kijana akipiga mizunguko mitatu kwa siku, ni lita 6. Tuseme lita ni shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 18,000. Hiyo ndiyo hela inayowagombanisha.

Na kuna jingine. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Ni nafuu kwa mwenye gari lililopaki. Lakini anayepanda Magamba, Mlalo au Mtae anachoma lita nyingi kwa kilometa ileile, kwa hiyo analipa zaidi ya mwenzake wa tambarare.

KUSHUKA NDIO NGOMA

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hapa ndipo ugomvi wa wese unapogeuka kuwa wa roho za watu. Kijana anayeogopa kuitwa mwizi anatafuta pa kuziba lita zake, basi akifika mteremkoni anatoa gia, anaachia gari frii.

Tabia hiyo ni urithi wa magari ya kabureta, ambayo kutoa gia kwenye mteremko kulipunguza mafuta kidogo. Gari za siku hizi ziko tofauti. Ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta ya gari inakata mafuta kabisa, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inabidi inywe mafuta ili isizime. Kwa hiyo frii inakula zaidi, na kazi yote ya kulizuia gari inabaki kwa breki. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu hazishiki. Tani mbili za watu zinaelekea Mombo, na kilichosababisha ni namba ya kwenye rola.

Dawa yake haihitaji mtaalamu. Bosi na dereva waende sheli moja Mombo, wajaze fulu tanki. Gari lipige mizunguko mitatu ya kawaida na abiria wake, lirudi pampu ileile lijazwe tena. Lita zilizoingia ndizo lilizokula. Waandike kwenye daftari, warudie msimu wa mvua, warudie na ruti ya vumbi. Hiyo ndiyo namba ya kumpimia kijana, na akiizidisha hapo sasa ana la kujibu. Ya Japan iachwe Japan.

Madereva wa Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae, semeni ukweli wenu: gari lako linakula ngapi kupanda, na bosi wako anakuhesabia ngapi?