Ngumi Kwanza, Jina Baadaye

Nyololo si mahali pa majumba ya sinema. Ni kijiji cha barabarani wilayani Mufindi, kati ya Mafinga na Makambako, pale inapochepuka njia ya kwenda Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Malori ya Tunduma hupita usiku kucha, na Juni ikifika baridi yake haina utani. Ila waliokulia kando ya barabara hii miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa banda la video ni kitu gani.

Kilikuwa chumba cha matofali mabichi, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi, mabenchi ni mabanzi ya mpaini, kitu ambacho Mufindi haikosi. Mbele televisheni moja, chini yake deki, nje jenereta linanguruma. Mlangoni ubao wa chaki: LEO NGUMI MWANZO MWISHO. Jina la filamu halikuandikwa, maana mara nyingi mwenye banda mwenyewe hakulijua. Kanda ilikuwa nakala ya nakala, kasha lake limepotelea huko ilikotoka. Iwe imetengenezwa Hong Kong, Taiwan au Korea, iliitwa ya Kichina, basi. Swali lilikuwa moja kabla ya kutoa hela: stering nani? Wengine hata hilo hawakuuliza. Waliingia katikati ya picha, wakamkanyaga mtu gizani, wakafokewa "Kaa chini wewe, unaziba!", na kabla hawajatulia jamaa mmoja ameshapigwa teke, kapasua meza.

Mimi nasema raha yenyewe ilikuwa hapo, katika kutojua.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sinema za mwanzomwanzo kuzungushwa vijijini Tanganyika zilikuja na mafunzo. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, lilianzisha mradi wa filamu za elimu huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Hadi 1937 Meja L. A. Notcutt na wenzake walikuwa wametengeneza filamu 35, zikatembezwa kwa lori Afrika Mashariki na nchi za jirani, maneno yakitoka kwenye santuri kwa lugha za wenyeji: safura, mmomonyoko wa udongo, faida za kuweka akiba posta. Hata Muhogo Mchungu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyoigiza Rashidi Kawawa kabla hajawa Waziri Mkuu, ilikuwa na funzo lake kwa mshamba anayeingia mjini. Mtu alikaa akijua anafundishwa.

Kwenye majumba ya mijini mambo yalikuwa mengine. Raj Kapoor aliwaliza watu na Awara ya 1951, kisha miaka ya 1970 akaja Bruce Lee na miguu yake. Alifariki Julai 20, 1973, wiki chache kabla Enter the Dragon haijatoka, kwa hiyo bila shaka wapo walioanza kumshabikia akiwa tayari marehemu. Kijijini ilibidi kusubiri deki. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na watoto wengi wa barabara hii walianza kuona picha zinazotembea kwa kumwona mtu anaruka ukuta, si kwa taarifa ya habari.

Na kwa nini za Hong Kong? Filamu nyingi za kule wakati ule zilipigwa bila sauti, maneno yakaingizwa baadaye studioni, aghalabu na watu wengine kabisa. Sauti unayoisikia ikizungumza kwenye Fist of Fury ya 1972 si ya Bruce Lee, hata kwenye nakala ya Kichina. Soko lao lilikuwa la watu wa lugha nyingi, hivyo hadithi ikabebwa na mwili: mwalimu ameuawa, mwanafunzi analipiza. Jackie Chan anapepesuka kama mlevi katika Drunken Master ya 1978 huku anachapa watu. Hapo unataka tafsiri ya nini?

Tafsiri ilikuja hata hivyo, wala haikuharibu kitu. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, aliingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya kanda za kigeni, mpaka Titanic. Hakufuata neno kwa neno. Alieleza, alitania, alitia chumvi. Wajapani nao walikuwa na wasimulizi wao enzi za sinema bubu. Anayemlaumu Lufufu kwa kupotosha amesahau kwamba stering alikuwa ameshaazimwa sauti tangu Hong Kong.

Siku hizi muvi inawekwa kwenye flashi, trela umeshaliona kwenye simu, na jirani kakwambia nani anakufa. Sioni ajabu watu wakisinzia.

Uganda, ambako wasimulizi huitwa ma-VJ, mchezo umegeuka. Mwaka 2010 Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, helikopta zake zikichorwa kwa kompyuta. VJ Emmie akapachika makelele yake juu, na tangu 2015 filamu nzima iko YouTube, ambako imetazamwa mara mamilioni. Wazungu wengi wanaoitazama hawawezi kuionyesha Wakaliga kwenye ramani na hawajui stering ni nani. Helikopta inalipua jengo, VJ anapayuka, na wao hawabanduki.