Wakunga: Kazi Tunayoitaka na Kuikataa



Ndugu msomaji, katikati ya mwezi kama huu, mwaka wa 3 Hijria, nyumba ya Sayyidna Ali na Bibi Fatima (R.A.) mjini Madina ilipata mtoto wa kwanza, Hasan. Hilo wengi tunalijua, na kila Ramadhan utalisikia likitajwa misikitini. Ambalo halitajwi sana ni nani aliyempokea mtoto. Wanahistoria wa Kiislamu wanamtaja bibi aitwaye Salma, mtumishi aliyeachwa huru katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), mke wa Abu Rafi', kuwa ndiye aliyekuwa mkunga wa watoto wa Fatima. Inapokewa pia kuwa ndiye aliyemzalisha Bibi Maria alipojifungua Ibrahim, mwana wa Mtume, na mumewe Abu Rafi' ndiye aliyekwenda kutoa bishara, akapewa zawadi. Jina la Salma limeandikwa pamoja na majina ya masahaba wengine, na kazi yake imetajwa wazi wazi.

Nimeanza na Salma kwa sababu leo sisi tunaishi na jambo la ajabu kidogo. Mke akishikwa na uchungu, akafikishwa hospitali, swali la mume, la mama mkwe na la shangazi ni lile lile: "Hakuna sista wa kike hapa? Hakuna Muislamu?" Lakini binti wa nyumba hiyo hiyo akimaliza Form Four na alama nzuri, akasema anataka kusomea unesi, utasikia: "Ah, kazi ya kulala nje usiku na kushika damu za watu? Mtafutieni kozi nyingine." Sasa huyo sista Muislamu atatoka wapi? Ataanguka na mvua? Na sisi wa pwani ndio tunaojua kusema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Wanazuoni wetu wa zamani hawakuiona kazi hii kuwa ndogo. Fungua vitabu vya fiqhi, mlango wa ushahidi. Mambo mengi hutaka mashahidi wanaume, au wanaume pamoja na wanawake. Ukifika kwenye uzazi hukumu inageuka, kwa sababu wanaume hawakuwepo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, wanawake wanne wanakubaliwa kushuhudia kuzaliwa kwa mtoto bila mwanamume hata mmoja. Kwa Imam Malik wanatosha wawili, na kwa Hanafi mwanamke mmoja muadilifu anaweza kuthibitisha uzazi, naye kwa kawaida ni mkunga. Nasaba ya mtu, yaani yeye ni mtoto wa nani, inaweza kusimama juu ya kauli yake mbele ya kadhi.

Matabibu nao waliandika kwa ajili ya wakunga. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, katika kitabu chake kikubwa cha Tasrif chenye sehemu 30, aliweka milango ya kumfundisha mkunga afanye nini mtoto akija vibaya, ametanguliza mguu au mkono. Lakini aliyenipendeza zaidi ni Ibn Khaldun. Yeye hakuwa tabibu, alikuwa mtu wa historia na siasa. Katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, anapozungumzia kazi za mikono, anataja kazi chache anazoziita tukufu kwa sababu ya kile zinachoshughulikia. Uandishi umo, utabibu umo, na ukunga umo. Kisha akaupa mlango wake maalumu, kabla hata ya mlango wa utabibu.

Anaeleza kuwa mkunga kwa Kiarabu huitwa qabila, mpokeaji, kana kwamba mama anatoa na yeye anapokea. Anaeleza jinsi anavyokanda mgongo na nyonga za mama kumpunguzia uchungu, anavyokata kitovu, anavyonyoosha viungo vya mtoto vilivyo laini, kisha anamrudia mama kuangalia kondo la nyuma litoke lote. Hapo Ibn Khaldun anaonya: kondo likibaki ndani litaoza na kumuua mama. Halafu anasema jambo ambalo daktari wa leo angelisoma akacheka kidogo, kwamba kwa maradhi ya mtoto mchanga mpaka aachishwe ziwa, wakunga wana ujuzi kuliko tabibu hodari. Mwanamume msomi wa karne ya 14 anakiri hivyo bila kuona haya.

Basi ilikuwaje kazi tukufu ikawa ya kukimbiwa? Jibu moja liko Misri.

Mwaka 1832 mtawala Muhammad Ali, kwa ushauri wa daktari wake Mfaransa, Clot Bey, alifungua chuo cha wakunga kilichoambatana na hospitali ya Abu Za'bal, nje kidogo ya Cairo. Hakikuwa chuo cha mchezo. Masomo yalichukua miaka sita: kusoma na kuandika Kiarabu, uzazi, kutunza wajawazito na watoto wachanga, kutengeneza dawa za kawaida, na kuchanja ndui. Sababu ya Pasha haikuwa huruma peke yake. Alitaka watu wengi na jeshi kubwa, na watoto walikuwa wanakufa kwa ndui.

Chuo kikawa tayari, wanafunzi hakuna. Hakuna baba aliyekubali kumtoa binti yake. Unajua walifanyaje? Waliwanunua wasichana kumi, Wahabeshi na Wasudani, kutoka soko la watumwa la Cairo, wakawatia darasani. Baadaye wakaongezwa mayatima. Mabinti ambao hawakuwa na baba wa kusema "hapana" ndio waliokuja kuwa wanawake wa kwanza wa Misri kusomea tiba ya kisasa. Mwaka 1837 chuo kilihamia Cairo pamoja na chuo cha madaktari cha Qasr al-Aini. Waliohitimu waliitwa hakima, wakapewa cheo cha serikali na mshahara. Walichanja watoto, waliandikisha vizazi, na walitumwa kuchunguza maiti za wanawake kunapokuwa na shaka ya kifo. Hata hivyo posa hazikuja. Ikabidi serikali yenyewe iwaoze kwa madaktari waliotoka Qasr al-Aini.

Mimi nikisoma habari hii sioni Misri tu. Maneno yaliyosemwa na wale mababa wa Cairo ndiyo tunayoyasikia Mombasa, Garissa na Eastleigh, tofauti ni kwamba siku hizi hakuna soko la kwenda kununua wanafunzi.

Huenda ukasema, lakini hospitali za wakati huo zilikuwa hatari. Kweli, na Ulaya ndiko kulikokuwa na mfano mbaya zaidi. Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Kati ya 1841 na 1846, katika wodi ya madaktari walikufa karibu akina mama 10 kwa kila 100, na katika ile ya wakunga chini ya 4 tu. Wanawake walikuwa wakilia wasipelekwe kwa madaktari. Mwaka 1847 daktari kijana, Ignaz Semmelweis, aligundua sababu: madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kwa wazazi, na wakunga hawakupasua maiti. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Katika Aprili mwaka huo vifo wodi ya madaktari vilikuwa asilimia 18. Kufikia Julai vilikuwa kama asilimia 1. Wakubwa zake walimpinga. Watu waliozoea kutia udhu mara tano kwa siku wangemuelewa upesi, nadhani.

Tuje kwetu. Pwani mkunga alikuwa mtu wa mtaa, mara nyingi bibi mzima aliyerithi kazi kwa mamake. Alimzalisha mama nyumbani, akamkanda kwa mafuta, akamfunga tumbo, na kumwangalia mpaka arobaini itoke. Nairobi hospitali ya wazazi ilianza mwaka 1926 pale Pumwani, kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa gavana Sir Edward Grigg. Ilikuwa nyumba ndogo. Miaka miwili baadaye ilikuwa na vitanda 27. Leo Pumwani Maternity ina vitanda zaidi ya 300. Mombasa nayo ilipata wodi ya wazazi yenye jina hilo hilo, na mpaka leo watu wa Mombasa wanaijua Lady Grigg pale Makadara.

Angalia mahali. Pumwani, mtaa wa Majengo, mtaa wa Waislamu wa mwanzo wa Nairobi. Hospitali ilijengwa mlangoni petu. Lakini kusomea kazi kulihitaji kusoma kwanza, na shule zilikuwa za misheni. Wazazi wetu waliogopa watoto wasije wakabatizwa, na siwalaumu, hofu yao ilikuwa na msingi. Matokeo yake ni kwamba wanawake waliovaa sare nyeupe walitoka sana nyumba za Kikristo, na wameifanya kazi hiyo kwa moyo, Mwenyezi Mungu awalipe. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulipokewa na mikono yao.

Gharama ya kuchelewa kwetu iliandikwa kwa tarakimu. Mwaka 2014 shirika la UNFPA lilitoa hesabu za vifo vya uzazi kwa kaunti, zilizotokana na sensa ya 2009. Mandera ilikuwa na vifo 3,795 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa kitaifa wa 2008–09 ulitoa wastani wa 488 kwa nchi nzima. Karibu mara nane! Mandera, kaunti ambayo karibu kila mtu anaswali. Na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2014, baada ya watu 28 kuuawa katika basi mwezi Novemba na wengine 36 kwenye machimbo ya mawe mwezi Disemba, wauguzi na walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walihama. Nani angewalaumu? Waliobaki kuhudumia wazazi walikuwa wale wachache wa hapo hapo waliosoma.

Kitaifa mambo yamebadilika. Tarehe 1 Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma. Wanawake waliozalishwa na mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 44 katika utafiti wa 2008–09, 62 mwaka 2014, na 89 mwaka 2022. Lakini wastani wa nchi huficha mambo. Ukienda kaskazini mashariki au Tana River utakuta safari bado ni ndefu.

Wengine watasema bibi zetu walizalisha bila hospitali na tuko hapa. Ni kweli, tuliopo tuko. Waliokufa hawapo kutoa ushahidi. Mkunga wa hospitali anafanya nini ambacho bibi hakuwa nacho? Mtoto akishatoka, tumbo la uzazi linatakiwa likaze liwe gumu kama mpira. Lisipokaza, damu inamwagika, na mama mzima mwenye afya anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mkunga wa hospitali anampiga mama sindano ya oksitosini ya pajani mara tu mtoto anapotoka, analitoa kondo na kulikagua kipande kwa kipande, kama alivyosema Ibn Khaldun, na kulisugua tumbo mpaka likaze. Mama akipata kifafa cha mimba, kuna sindano ya magneziamu salfeti. Mtoto asipolia, ana dakika moja ya kumkausha, kumsugua mgongo, na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Kisha anamlaza kifuani kwa mamake na kuhakikisha amepata dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano ambayo zamani baadhi yetu tuliyamwaga tukidhani ni machafu.

Na mkunga akiwa Muislamu huongezeka mambo mengine. Anajua kufunika. Anajua kumwita baba aadhini, na hashangai bibi akija na tende ya tahniki. Anamwelekeza tu iwe kidogo sana na mikono iwe safi. Mwezi huu ndio unamuona faida yake hasa. Kuna akina mama wajawazito wanaofunga huku kichwa kinazunguka, wakidhani wakila wamepata dhambi. Sista akimwambia "kula", anaona huyu hajui dini. Akiambiwa na dada aliyevaa buibui kama lake kwamba sharia imempa ruhusa, kwamba akihofia nafsi yake atalipa siku zake, na akihofia mtoto peke yake basi kwa Shafi atalipa na kutoa fidya, atasikiliza.

Kwa dada anayefikiria kazi hii: diploma ya uuguzi huchukua miaka mitatu, na ndani yake umo ukunga. Chuo cha serikali cha KMTC kina matawi Mombasa, Lamu na Garissa, kwa hivyo si lazima binti aende mbali na kwao. Biolojia wanaiangalia sana, basi usiiachilie. Mzazi mwenye wasiwasi wa sare au zamu za usiku aende chuoni amuulize mkuu wa chuo uso kwa uso, badala ya kukata shauri sebuleni. Baada ya masomo kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, na ukishapita ndipo unasajiliwa na kupewa leseni ya kufanya kazi.

Wabillahi tawfiq.