Orodha na Rafu: Historia ya Nafasi za Majedwali katika Hifadhi ya Nyaraka

Tangu zamani mhifadhi wa nyaraka ametunza vitu viwili: orodha inayoutaja kila waraka, na rafu inayoubeba. Msomaji huhitaji orodha tu; mambo ya rafu ni ya mhifadhi. Tofauti hii, iliyo dhahiri katika maktaba yoyote, ilichelewa kutambuliwa katika kompyuta.

Katika miaka ya 1960 mfumo wa IMS wa kampuni ya IBM, uliobuniwa kwa ajili ya kuorodhesha vipuri vya mradi wa Apollo nchini Marekani, ulizipanga kumbukumbu kwa ngazi, mfano wa mti na matawi yake. Mwandishi wa programu alilazimika kuijua njia ya kulifikia kila tawi. Mpangilio ulipobadilishwa, programu nazo zilihitaji kuandikwa upya. Mnamo 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala iliyoupinga utaratibu huo. Kwa maoni yake, mtumiaji aoneshwe majedwali tu, na jinsi data inavyolazwa ndani ya mashine isimhusu.

Hata hivyo, rafu haikutoweka. Ilihamia mikononi mwa mhifadhi. Mfumo wa DB2, uliotangazwa mwaka 1983, ulikuwa na kile kinachoitwa nafasi ya majedwali, yaani eneo la diski linalotengwa na kupewa jina ili majedwali yakae humo. PostgreSQL ilipata nafasi za namna hiyo mwaka 2005, katika toleo lake la 8.0.

Umuhimu wake huonekana hasa katika hifadhi ya nyaraka. Humo mna taarifa fupi zinazosomwa kila siku, kama vile namba na tarehe za nyaraka, na mna picha nzito za kurasa zinazofunguliwa kwa nadra. Tena nyaraka huongezeka tu, hazipungui. Nafasi iliyowekewa kikomo ikijaa, waraka mpya hukataliwa hata kama diski ya jirani ni tupu. Kwa hiyo wahifadhi waangalifu huzitenga picha na taarifa, na huupa kila mwaka nafasi yake. Mwaka ukiisha, mifumo mingine huruhusu nafasi hiyo ifungwe isiandikwe tena, nakala ya akiba ichukuliwe, kisha yote yahamishiwe kwenye diski za bei nafuu. Msomaji haoni badiliko lolote, na hapo ndipo hoja ya Codd inapothibitika.

Lakini nafasi si sanduku linalojitegemea. Katika PostgreSQL, nafasi moja ikipotea, hifadhidata zote zinazoendeshwa pamoja zaweza kushindwa kuanza, kwa kuwa habari za majedwali hayo zimeandikwa kwingine. Rafu bila orodha ni rundo la karatasi. Orodha bila rafu ni majina matupu. Codd alimwondolea msomaji mzigo wa kuijua rafu; mhifadhi hakuondolewa.