Kilwa na Waandishi Wake

Miongoni mwa miji ya kale ya nchi yetu, hapana uliosifiwa na kubishaniwa kama Kilwa Kisiwani. Siku hizi, katika kamusi elezo za mtandaoni ambazo msomaji yeyote aweza kuzisahihisha, twaona sentensi moja juu ya mji wa kale ikiandikwa, ikifutwa, na kuandikwa tena. Vijana wetu hudhani kwamba ugomvi wa namna hiyo umeletwa na mitambo. Sivyo hata kidogo. Habari za Kilwa zimeandikwa na kusahihishwa kwa zaidi ya karne sita, na kila aliyeshika kalamu alikuwa na haja yake. Shabaha ya insha hii ni kuwatazama waandishi hao mmoja baada ya mwingine, ili tupate kujua namna ya kuisoma historia ya taifa letu.

Msafiri Ibn Battuta wa Tangier alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akaeleza kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa watu weusi wenye chale usoni. Lakini hakuandika kwa mkono wake. Aliporejea Morocco alisimulia, naye Ibn Juzayy akaandika, na kitabu kikamalizika mwaka 1355. Ndani yake mwasemwa kwamba nyumba za Kilwa zilikuwa za miti. Hali magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa na sultani huyo huyo, ni ya mawe na chokaa, nayo yangalipo hata leo. Basi tangu mwanzo macho ya mmoja yalipita katika kalamu ya mwingine, na baina yao neno likapotea.

Utajiri uliojenga jumba hilo ulitokana na biashara ya dhahabu. Wanafunzi wa kwetu, waliozaliwa katika nchi ya dhahabu ya Geita, huuliza kama dhahabu hiyo ilitoka kwetu. Haikutoka kwetu. Ilichimbwa katika nyanda za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala. Na sarafu ya Sultani al-Hasan imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Dhahabu hiyo ndiyo iliyowavuta Wareno. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliutoza mji kodi kwa vitisho, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka, askari wake wakaupora. Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni, mtu asiyekuwa wa ukoo wa masultani. Habari za wafalme wa Kilwa zikafika Lisbon, na mwaka 1552 João de Barros akazichapa katika kitabu chake, ingawa yeye mwenyewe hakupata kukanyaga pwani yetu. Kwa maneno yake, mji ulianzishwa na Ali, mmoja wa wana saba wa sultani wa Shiraz. Ndugu zake walimdharau kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Ali akaondoka Hormuz kwa jahazi mbili, akapita Mogadishu na Barawa, kisha akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo.

Wakati huo huo wa karne ya 16, mwenyeji wa Kilwa aliyezaliwa mwaka 1499 aliandika kwa Kiarabu historia ya mji wake kwa kuombwa na sultani. Kitabu hicho huitwa Kitab al-Sulwa. Nakala iliyotufikia ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikapelekwa Uingereza, na ikachapwa huko mwaka 1895. Humo hayumo mwana aliyedharauliwa, wala mama Mhabeshi. Yumo sultani pamoja na wanawe sita katika merikebu saba, na merikebu ya sita ndiyo iliyotia nanga Kilwa. Nguo ipo vilevile, ila sasa yatosha kukizunguka kisiwa kizima. Hata hivyo, mwandishi hakuficha jambo moja kubwa: wageni walipofika walimkuta Mwislamu na msikiti wake. Yaani mji ulikuwa na watu, na dini ilikuwa imekwisha kuingia.

Usimulizi wa tatu ni wa wazee wa Kilwa wenyewe, uliochapwa kwa Kiswahili na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Hapa mwenyeji ana jina: ni Mzee Mrimba. Mgeni kutoka Shiraz alimpa zawadi, akamwoa binti yake, kisha akatandaza nguo hadi bara ili mkwewe apite juu yake na kuhama. Akazaliwa mtoto, na babu yake mzaa mama akamkabidhi utawala.

Tuzitie habari hizi tatu katika mizani. Wanenao ni Mreno, msomi wa sultani, na wazee wa mji. Wote wanakubaliana juu ya Shiraz, kisiwa na nguo. Wanaachana juu ya mwanamke. Mreno anamfanya mtumwa kutoka mbali, msomi anamfuta kabisa, wazee wanamfanya binti wa mwenye nchi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa maana ndiyo inayojibu swali la nani alikuwa na haki ya kutawala: aliyenunua ardhi, au aliyezaliwa na mwenye ardhi.

Wakoloni nao walishika kalamu yao. Walilichukua neno Shiraz wakaliacha jina la Mrimba, wakatufundisha kwamba mawe ya Kilwa yalipangwa na wageni, na Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Kitabu cha Reginald Coupland cha mwaka 1938 kiliiita hadithi hii, katika jina lake lenyewe, Afrika Mashariki na wavamizi wake. Baada ya Uhuru wengi wetu tulikasirika, na hasira yetu ilikuwa na haki. Lakini wapo waliotaka kufuta kila jina lililotoka ng'ambo. Huko nako ni kufuta.

Ardhi haina sultani wa kumpendeza. Neville Chittick aliyefukua Kilwa katika miaka ya 1960, akachapa matokeo yake mwaka 1974, alionyesha kwamba watu walikuwa wakiishi pale tangu yapata karne ya 9, yaani kabla ya nasaba yoyote ya Washirazi. Mwaka 2023 wataalamu walichapa uchunguzi wa mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, mingi ikiwa ya Kenya na michache ya Kilwa na Songo Mnara. Katika wengi wa waliochunguzwa, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika, na upande wa baba mara nyingi ulitoka Asia, hasa Uajemi, tangu yapata mwaka 1000. Uchunguzi huu hauthibitishi kwamba Mrimba aliishi. Lakini watonyesha kwamba ndoa walizozikumbuka wazee hazikuwa ndoto, na kwamba mama aliyefutwa katika kitabu alikuwapo.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mwalimu afundishapo Kilwa asiwape wanafunzi usimulizi mmoja wakaukariri. Awape yote mitatu, awaulize: nani aliandika, kwa ajili ya nani, na nani hakuulizwa?

Swali hilo latuhusu hata sisi wa Ushirombo, mbali na bahari. Mwaka 1891 Mapadri Weupe walifungua misheni hapa, katika nchi ya Wasumbwa. Mwaka huo huo, tarehe 20 Desemba, Msiri, Msumbwa aliyeanzisha dola yenye mji mkuu wa Bunkeya huko Katanga, aliuawa na watu wa msafara wa Stairs. Wazungu waliandika kwamba alikuwa mkatili. Mwanawe Mukanda Bantu aliacha masimulizi yake mwenyewe. Wasumbwa waliobaki nyumbani nao wana lao la kusema, na sehemu kubwa ya maneno hayo bado imo vifuani mwa wazee. Wanafunzi na wayaandike, kila neno na jina la msemaji wake na tarehe yake, hata pale wazee wawili wanapopingana. Wasilifute la mmoja ili kulinyoosha la mwingine.