Vita Visivyoondoa Mtu: Bao, Isolo na Ngoma za Bujora

Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilikubali rasmi mchezo ulioendelezwa na Luteni Georg Heinrich von Reisswitz, uliowafunza maofisa kupigana juu ya meza, kwa ramani na vipande vidogo vilivyowakilisha vikosi; na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, kwa kitabu chake Little Wars, akautia mchezo wa jinsi hiyo katika nyumba za raia. Hata leo wapenzi wake hukusanyika Ulaya katika kumbi kubwa, wakapanga sanamu ndogo zilizopakwa rangi kwa mkono na kupigana upya vita vya kale mchana kutwa, na aghalabu askari aliyepigwa huondolewa, hata meza ikazidi kuwa tupu kadiri saa zinavyopita.

Pwani na bara yetu zilikuwa na vita vya ubaoni kabla ya hivyo, navyo vilitungwa kwa hekima nyingine. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete hizo hazipungui tangu mwanzo hata mwisho, kwa maana anayekula kete za mwenziwe haziweki kando, bali huzipanda upande wake mwenyewe kuanzia kichwani au kwenye kimbi, yaani mashimo ya pembeni mwa safu ya mbele, na zile zilizokuwa za adui saa hiyo hiyo zinapigana kwa ajili yake. Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imekauka au amekosa njia ya kucheza, ijapokuwa nyuma yake kungali na kete tele. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutungia mchezo huu shairi, na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mashariki ya Ziwa Victoria, aliupenda mno. Wasukuma wana isolo, ndugu yake bao, yenye namna ya wavulana, namna ya wasichana na namna ya wazee.

Kwa nini mateka wa ubaoni wasiuawe? Mimi naona jawabu limo katika tarehe ya nchi yenyewe. Katika karne ya 19 Usukuma na Unyamwezi zilikuwa nchi za ardhi kubwa na watu wachache, zenye pori lililohitaji mikono ya kulifyeka, na adhama ya mtemi ilipimwa kwa wingi wa watu walioishi chini yake. Kwa hiyo kumuua mtu aliyeshindwa kulikuwa ni kuitupa mali ambayo vita vilipiganwa kwa ajili yake. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, aliwatwaa vijana wa nchi alizozishinda akawaingiza katika askari wake, ruga-ruga, na jeshi lake likakua kwa kila ushindi, sawasawa na safu ya mchezaji hodari wa bao. Wala siusifu ukatili wa zama zile, maana waliotekwa hawakuulizwa hiari yao.

Mfano mzuri kuliko wote wa kuteka bila kuua ni mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya Wasukuma ambavyo masimulizi huvinasibisha na mahasimu wawili wa karne hiyo hiyo, Ngika na Gumha, waliokuwa wachezaji na mabingwa wa dawa. Kila upande huingia uwanjani na ngoma zake, nyimbo zake, na samba, dawa ya kuvutia watu. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na hadhira huenda inakopenda. Huyu anatoka na nungunungu, yule anatoka na chatu mabegani, wengine wanarusha majembe katika ngoma ya bugobogobo, na watu wanahama kutoka duara hili kwenda lile, wakarudi, wakahama tena. Upande uliozungukwa na watu wengi ndio ulioshinda. Hakuna aliyeumizwa, kilichotekwa ni macho na mioyo.

Mahali mashuhuri pa mashindano haya ni Bujora, karibu na Kisesa, mwendo mfupi kutoka Igoma jijini Mwanza kwa barabara ya Musoma. Hapo Padre David Clement wa Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza katika miaka ya 1950 kazi ya kukusanya ngoma na vyombo vya watemi, iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma. Na sikukuu ya Bulabo, iliyofungamana na Ekaristi Takatifu, ikawa siku ya ngoma baada ya mavuno. Padre huyo alifanya jambo la busara, maana angeweza kuzipiga ngoma marufuku kama walivyojaribu wengine, naye akazipa uwanja.

Nawasihi wazazi wa Igoma, ambao watoto wao hupita Kisesa wasipinde kuingia Bujora, wawapeleke siku ya Bulabo. Na wakiisha kuona ngoma, wamtafute mzee ajuaye isolo awafundishe wangali wadogo, maana wanaoijua vema wanapungua kila mwaka.