Mzee Nje ya Kipimo: Historia ya Kiwango cha Protini na Afya ya Uzeeni, 1838–2013

Utangulizi

Katika taaluma ya lishe, kiwango cha protini kinachopendekezwa kwa siku huchukuliwa aghalabu kuwa tarakimu isiyo na historia. Hata hivyo, kila kiwango kilipatikana kwa kupima miili ya watu fulani, mahali fulani, kwa shabaha fulani. Insha hii inachunguza miili hiyo ilikuwa ya nani. Hoja inayotetewa ni kwamba sayansi ya protini ilijengwa juu ya mwili wa mfanyakazi, kisha juu ya mwili wa mtoto. Mzee aliingizwa katika hesabu mwishoni, na kuchelewa huko kulifanya udhaifu wa misuli uzeeni uonekane kuwa majaliwa, ilhali ni hali inayoweza kupunguzwa kwa kiasi fulani.

Mwili wa mfanyakazi

Neno protini liliingia katika maandishi ya kisayansi mwaka 1838, pale mkemia Mholanzi Gerrit Jan Mulder alipolikubali pendekezo la Jöns Jacob Berzelius wa Sweden. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kitu chenye nafasi ya kwanza. Mwaka 1842 Justus von Liebig alishikilia kwamba misuli inapofanya kazi hutumia protini yake yenyewe. Dai hilo lilitikiswa mwaka 1865, Adolf Fick na Johannes Wislicenus walipopanda mlima Faulhorn nchini Uswisi baada ya kula chakula kisicho na protini, wakapima naitrojeni katika mkojo wao. Protini iliyovunjwa mwilini haikutosha kueleza nguvu zilizotumika.

Dhana ya Liebig ilidhoofika, lakini swali lake lilibaki: mfanyakazi ahitaji kiasi gani? Carl Voit wa Munich alitaja gramu 118 kwa siku kwa mwanamume mwenye kazi ya wastani. Mwaka 1904 Russell Chittenden wa Chuo Kikuu cha Yale alimpinga baada ya kuchunguza wanataaluma, askari na wanariadha walioendelea kuwa na siha kwa takriban nusu ya kiasi hicho. Pande hizo mbili zilihitilafiana kuhusu gramu, ila ziliafikiana kimyakimya kuhusu nani apimwe. Hata William Rose wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipobainisha katika miaka ya 1940 asidi amino nane ambazo mtu mzima hana budi kuzipata katika chakula, aliwatumia wanafunzi vijana wa kiume.

Mwili wa mtoto

Badiliko la pili lilitokea Afrika. Katika maandishi yake ya mwaka 1933 na 1935, daktari Cicely Williams, aliyekuwa akihudumu Gold Coast (Ghana ya leo), alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Jina kwashiorkor alilichukua katika lugha ya Kiga. Uchunguzi huo uliendelezwa Kampala, ambako Hugh Trowell, J. N. P. Davies na Rex Dean walichapisha mwaka 1954 kitabu kilichokusanya maarifa juu ya ugonjwa huo. Mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ulipata kamati ya ushauri kuhusu protini, na kwa takriban miongo miwili upungufu wa protini ulihesabiwa kuwa kiini cha utapiamlo duniani. Mwaka 1974 Donald McLaren alilishutumu jambo hilo, akidai kwamba watoto wengi walikosa chakula kwa ujumla, si protini pekee. Shutuma yake ilikuwa na uzito. Lakini kupungua kwa hamu ya kitaasisi kuhusu protini kulikuja kabla swali la wazee halijaulizwa ipasavyo.

Virutubishi vinavyoambatana na protini

Kando ya mjadala wa gramu kulikuwa na historia nyingine. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Boston walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hatari ya anemia, inayowapata zaidi watu wa makamo na wazee, hupata nafuu kwa kula maini kwa wingi. Kiini cha tiba hiyo, vitamini B12, kilitengwa mwaka 1948. Baadaye ilifahamika kuwa wazee wengi hupungukiwa na asidi ya tumbo inayosaidia kuitenga vitamini hiyo na protini ya chakula. Nyama, samaki, mayai na maziwa huwa na vitamini hiyo. Maharage na kunde, pamoja na protini yake nyingi, hazina. Kwa hiyo gramu za protini peke yake hazielezi thamani ya chakula kwa mzee.

Mzee aingia katika hesabu

Mwaka 1982 watafiti wa taasisi ya MIT, miongoni mwao Nevin Scrimshaw na Vernon Young, waliwapa wazee gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku 30. Sehemu kubwa ya wazee hao walipoteza naitrojeni kuliko walivyoipata. Mwishoni mwa mwongo huo Irwin Rosenberg alipendekeza jina sarkopenia, yaani upungufu wa nyama ya mwili, kwa kupotea kwa misuli uzeeni. Kilichopewa jina sasa kiliweza kuchunguzwa.

Uchunguzi ulibainisha kwamba misuli ya mzee huitikia protini kwa uzito zaidi kuliko ya kijana, na huhitaji asidi amino nyingi zaidi, hasa lusini, ili ianze kujijenga. Hata hivyo, mwaka 1994 Maria Fiatarone na wenzake walichunguza wakazi 100 wa nyumba ya kutunzia wazee, wakaona kwamba mazoezi ya kunyanyua uzito yaliongeza nguvu, ilhali chakula cha nyongeza bila mazoezi hakikuondoa udhaifu.

Mwaka 2007 ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ilibakiza gramu 0.83 kwa kilo kwa watu wazima wa umri wote. Mwaka 2013 jopo la wataalamu lijulikanalo kama PROT-AGE lilipendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa wenye zaidi ya miaka 65, likiwatenga wenye ugonjwa mkali wa figo wasiosafishwa damu kwa mashine. Kwa mzee wa kilo 60, tofauti ni kati ya gramu 50 hivi na gramu 72.

Hitimisho

Tofauti hiyo haitokani na hesabu pekee. Kiwango cha kwanza kinauliza ni kiasi gani kinatosha kuziba naitrojeni inayopotea. Cha pili kinauliza ni kiasi gani kinamwezesha mzee kuinuka kitini, kutembea na kujihudumia. Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba swali la pili halikuweza kuulizwa maadamu mwili wa kijana ulihesabiwa kuwa mwili wa wote. Kwa watafiti wa Afrika Mashariki, ambako Kampala ilichangia sana kumwelewa mtoto mwenye utapiamlo, kazi iliyosalia ni kumpima mzee kwa kipimo chake mwenyewe, akiwa na vyakula vyake: dagaa, maharage, maziwa na mayai.