Hati ya Kuazima na Sauti ya Shairi

Mwaka 951 Mfalme Murakami wa Japani aliwateua wataalamu watano na kuwapa kazi ambayo kwa dhahiri yake ni ya ajabu: kuwasomea Wajapani mashairi ya Kijapani. Diwani yenyewe, Man'yōshū, yenye mashairi zaidi ya 4,500, ilikusanywa karne ya 8. Maandishi yalikuwapo, kilichopotea ni njia ya kuyasoma.

Chanzo chake ni hati ya kuazima. Wajapani walichukua alama za Kichina, lugha isiyo na udugu na yao. Mara alama ilibeba maana ya neno, mara ilibeba sauti tupu, na msomaji akaachiwa kuamua. Kutokana na alama hizo hizo, karne ya 9, zikazaliwa herufi nyepesi za silabi, hiragana, zilizoshamiri mikononi mwa wanawake wa kasri. Kwa herufi hizo Murasaki Shikibu aliandika hadithi ya Genji mwanzoni mwa karne ya 11. Wala Kijapani hakikuitupa ile hati ya kigeni: hadi leo sentensi moja huchanganya zote mbili.

Uswidi ilishika njia nyingine. Wazee wa huko walikuwa na herufi zao, runi, ambazo idadi yake ilipunguzwa kutoka 24 hadi 16 ilhali sauti za lugha zikiongezeka. Herufi moja ikabeba t na d, nyingine k na g. Mnamo mwaka 800 hivi, mtu aliyeitwa Varin alisimamisha jiwe huko Rök kumkumbuka mwanawe Vämod, akalijaza alama 760 hivi, na ubeti wa shairi ndani yake. Baadaye Ukristo ukaja na herufi za Kilatini, nazo zikaongezewa å, ä na ö ili irabu za Kiswidi zipate makazi. Runi zikaachwa. Leo jiwe la Rök husomeka karibu herufi kwa herufi, lakini maana yake ingali ina mzozo: waliotangulia waliona humo sifa za mfalme Theodoric, mwaka 2020 watafiti wengine waliona habari za jua na hofu ya baridi kali.

Pwani ya Waswahili nayo imeyaonja hayo. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalisalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa watu waliokuwa wangali wakiyakumbuka.

Wale watano wa Japani walifaulu kurejesha usomaji wa mashairi mengi, kwa kuwa mizani ya ubeti ilikuwa ingali hai masikioni mwao. Aliyeandika Rök hakuacha wa kumrithi sikio.